Mwalimu wa Udereva Aliyepanda Basi

Wanafunzi walimwita Breki, na yeye hakulichukia jina hilo. Gari la shule ya udereva lilikuwa na pedali za ziada upande wa abiria, chini ya miguu ya mwalimu, na kwa miaka mingi mguu wake wa kulia ulikaa juu ya pedali ya breki tayari muda wote. Aliikanyaga pale tu ilipobidi. Wanafunzi walisema alijua mtu atakosea kabla mwenyewe hajajua. Hakuwa mkali. Alikuwa na sauti moja tu, ya katikati, aliyoitumia kusema "washa indiketa" na kusema "simama, tutakufa" bila tofauti yoyote.

Siku lilipotokea lile jambo alikuwa na mwanafunzi mtu mzima, mama mmoja mhasibu aliyeogopa mizunguko ya barabara. Waliingia kwenye mzunguko mkubwa karibu na hospitali. Mama akauliza atokee njia ipi. Hakujibiwa. Akauliza tena, akazunguka mara ya pili, kisha akageuka kumtazama. Mwalimu alikuwa ameketi wima, macho wazi, mdomo unatafuna kitu ambacho hakikuwemo, na vidole vya mkono mmoja vinachezea kifungo cha shati. Yule mama akatoka kwenye mzunguko, akaegesha mbele ya duka la dawa, akavuta breki ya mkono, akawasha taa za tahadhari. Breki alipopata fahamu alitazama nje akasema, "Mbona tumesimama? Hapa haparuhusiwi."

Daktari wa mishipa ya fahamu alimpiga picha za kichwa, akambandika nyaya, akampa jina la ugonjwa. Kifafa, alisema, lakini si kile cha kuanguka na kutoka povu. Hiki kinamzima mtu kwa muda mfupi, halafu kinamwachia. Vidonge asubuhi na jioni. Kuendesha gari hapana, mpaka upite mwaka mzima bila kuzimika. Na kufundisha ndani ya gari vilevile hapana, kwa sababu mwalimu ni dereva wa pili. Akizimika tena, mwaka unaanza upya.

Neno kifafa Breki hakulitumia nyumbani. Alisema "hii hali yangu," kama mtu anayezungumzia mgeni ambaye ataondoka karibuni.

Shule haikumfukuza. Mkurugenzi, mtu mwenye huruma na haraka kwa wakati mmoja, alimhamishia darasani. Darasa lilikuwa chumba cha nyuma chenye viti vya plastiki, ubao mweupe, na meza kubwa iliyochorwa barabara, njia panda na reli. Juu ya meza kulikuwa na magari ya kuchezea, mengine bila matairi. Kazi ya Breki ikawa kuyasogeza magari hayo kwa kidole na kuuliza nani apite kwanza. Aliifanya vizuri bila kuipenda. Wenzake walipotoka na wanafunzi alibaki peke yake na ile meza, na zaidi ya mara moja mkurugenzi alimkuta amepanga foleni nzima ya magari, yote yameelekezwa dirishani.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mkewe alikuwa msusi, na chumba cha mbele alikigeuza saluni tangu binti yao alipoolewa mbali. Kulikuwa na vioo viwili, viti vya kuzunguka, draya ya kusimama, na kamba ya taulo iliyopita juu ya mlango. Ili kufika jikoni ilibidi mtu apite katikati ya wateja. Zamani Breki alirudi jioni, saluni imefungwa, akapita zake. Sasa alirudi mchana. Akitokea mlangoni wanawake walikata mazungumzo katikati ya neno, wakatazama kucha zao, wakasubiri apite. Naye hakupita. Alisimama kuwasalimu mmoja mmoja, akakaza skrubu ya kiti kisichokuwa na tatizo, akasikiliza draya.

"Hii beringi yake inakwisha," alisema siku moja, mteja akiwa ndani ya hiyo draya.

"Nini kimekwisha?" mteja akauliza kwa sauti kubwa, maana hakusikia vizuri.

"Hakuna kilichokwisha, mama, tulia," mkewe akasema, kisha akamtupia mumewe jicho lililompeleka jikoni moja kwa moja.

Gari lao lilikuwa uani chini ya turubai. Kila Jumamosi Breki alilifunua, akaliwasha ili betri isife, akakaa nyuma ya usukani mpaka injini ipate moto, akalizima, akalifunika. Majirani walizoea. Mkewe hakuzoea, na ndiye aliyempigia simu mdogo wake wa kike.

"Mchukue shemeji yako," alisema. "Mpeleke huko milimani kwako. Mtembeze, mchoshe, nirudishie amelala."

"Ana viatu?" mdogo wake akauliza.

Huyu mdogo wake alikuwa fundi viatu, na watu walimwita Soli. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ofisi karibu na stesheni ya treni, chembamba kiasi kwamba mteja mmoja akiingia, wa pili alisubiri nje. Aliwahi kuolewa kwa muda mfupi na hakuwa na mengi ya kusema juu ya hilo. Miaka ya nyuma mteja mmoja alimletea buti za kupandia mlima azibadilishe soli, kisha akalalamika kwamba soli mpya zinateleza. Soli akazivaa mwenyewe, zikamtosha kwa soksi mbili mbili, akapanda treni mpaka hifadhi ya taifa ya kaskazini kuzijaribu. Hazikuteleza. Mteja hakurudi kuzichukua. Tangu hapo, mara moja kwa mwezi, alifunga kibanda akaenda kutembea. Gari hakuwa nalo, kuendesha hakujua, na shemeji yake aliyewafundisha nusu ya mji alikuwa ameshachoka kumshawishi.

Asubuhi ya safari alimkuta Breki stesheni amevaa koti la suti na buti za mvua.

"Shemeji, tunakwenda harusini au shambani?"

"Nimeambiwa kuna baridi na matope."

"Vyote vipo. Lakini hizo zitakutoa kucha." Akafungua begi lake, akatoa buti za ngozi zilizowahi kusahauliwa na mteja mwingine. "Nilikupimia kwa macho. Vaa."

Treni ilikuwa na nafasi. Breki alikaa dirishani, na kila reli ilipokwenda sambamba na barabara kuu alitazama magari na kutoa maoni. Lori lile limezidisha mzigo. Yule wa gari jeupe hajui kazi ya kioo cha pembeni. Soli alimwacha aseme yake, akamenya yai. Mkagua tiketi alipofika aliwatazama wote wawili.

"Mzee na mama?"

"Mama yuko kazini," Soli akasema. "Huyu nimeazimwa tu. Namrudisha jioni."

"Basi usimrudishe na mikwaruzo," mkagua tiketi akasema, akatoboa tiketi, akaendelea na watu wake.

Reli iliishia kwenye mji mdogo wa kaskazini, na nje ya stesheni basi dogo lilikuwa likiwasubiri abiria wa treni. Basi hilo lilizunguka mlima mzima kupitia vijiji vilivyopakana na hifadhi, likabeba walimu wa shule, makreti ya mikate, vipuri vya pampu, na watu wachache wenye mabegi mgongoni. Dereva alikuwa mwanamke mpana aliyeendesha kwa glavu. Breki alichukua kiti cha mbele kabisa. Barabara ilipoanza kupinda, mguu wake wa kulia ulianza kazi. Kila kona aliikanyaga sakafu. Dereva alivumilia kwa muda, akimtazama kwenye kioo.

"Mzee," akasema mwishowe, "hiyo sakafu niliikuta haina tundu. Naomba niiache hivyohivyo."

Abiria wakacheka. Breki akavuta mguu nyuma, akauficha chini ya kiti, na kwa kilomita kadhaa alikaa kama mtu aliyepigwa ganzi. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya katikati, "Lakini unashusha gia mapema. Vizuri sana."

"Ahsante, mwalimu," dereva akasema, ingawa hakuna aliyemwambia kazi yake.

Walishuka getini. Kulikuwa na ofisi ndogo ya askari wa hifadhi, benchi, nguzo ya kituo, na ubao wa ramani uliopauka kwa jua. Breki akauliza swali ambalo dereva yeyote angeuliza: basi litawachukua hapo saa ngapi kurudi.

"Hapa haturudi," Soli akasema.

"Kwa nini?"

Soli akamwonyesha kwenye ubao. Njia ilipanda msituni, ikapita mgongoni mwa mlima, ikashukia upande wa pili, na huko kulikuwa na kituo kingine cha basi lilelile. "Wenye magari wanayaacha hapa getini. Wanapanda mpaka katikati, halafu wanakumbuka gari, wanageuza. Ule upande wa pili hawaujui kabisa. Sisi hatuna cha kurudia, tunavuka."

Breki aliitazama ramani kwa muda mrefu akitafuta kosa. Hakuliona.

Safari ya kwanza ilimtesa. Msituni alikwenda mbio, kama mtu anayechelewa kazini, na walipotoka kwenye miti pumzi ikamwishia. Soli alitembea nyuma yake bila haraka, mikono nyuma, akimwambia mambo ya wateja wake: mtu aliyeleta kiatu kimoja na kukataa kusema cha pili kiko wapi, bibi aliyetaka visigino vipunguzwe kwa kuwa mumewe amefupika. Juu mgongoni upepo ulikuwa mkali na njia ilifuata mawe yaliyopakwa rangi ya njano. Upande mmoja lilionekana bonde walikotoka. Upande wa pili kulikuwa na ziwa refu, jembamba, na barabara iliyolizunguka.

"Ile ndiyo njia ya basi letu?" Breki akauliza.

"Ndiyo."

Alisimama akaitazama. Kutoka pale juu magari yalikuwa madogo kuliko yale ya mezani kwake, na hakusema neno juu ya namna yalivyoendeshwa.

Alirudi nyumbani na malengelenge mawili, akala amesimama, akalala kabla ya taarifa ya habari. Mkewe akampigia mdogo wake kumshukuru. "Mchukue tena mwezi ujao," akasema. "Huyu ni mzito kumfulia, lakini nimepumzika."

Akaenda mwezi uliofuata, na uliofuata huo. Akanunua soksi za sufu na koti lisilopitisha maji. Ratiba ya basi akaijua kwa kichwa, pamoja na mabadiliko yake ya siku za shule, na wageni waliosimama kituoni wamechanganyikiwa walielekezwa naye kwa utulivu, kama anavyoelekezwa mtu wa kurudi nyuma kuegesha. Dereva wa glavu alimwita mwalimu, na sasa alijua kwamba ndiyo kazi yake kweli. Tumbo la Breki likapungua. Kwenye treni aliacha polepole kutazama barabara kuu. Mkewe aliona haya yote, naye alikuwa mtu wa kushukuru bila kusema.

Lakini kalenda ya mwaka wake aliifuata kimyakimya. Ulipofika mwezi wa nane tangu siku ya mzunguko, asubuhi moja bafuni, alijikuta ameketi sakafuni, maji ya bomba yamekuwa ya baridi, sabuni imekwama kwenye tundu la kutolea maji. Hakukumbuka kuketi. Akajiambia ameteleza. Akajikausha, akavaa, akaenda kusogeza magari yake ya kuchezea, na hakumwambia mtu.

Zilikuwa zimebaki wiki chache mwaka utimie pale ilipomtokea mlimani. Ilikuwa siku nzuri, yenye jua na upepo kidogo. Walikuwa mgongoni, mahali ambapo njia ni nyembamba na upande mmoja majani mafupi yanashuka kuelekea kwenye mawe. Breki alitangulia. Soli alikuwa akimsimulia habari za mteja, akafika kwenye utamu wa hadithi, akangoja mwenzake acheke. Hakucheka. Breki alikuwa amepunguza mwendo. Kisha akaiacha njia, akaanza kutembea taratibu juu ya majani, mdomo unatafuna, vidole vinapapasa kifungo cha koti.

Soli hakupiga kelele. Alimfikia, akashika mkanda wa begi lake, akauvuta kuelekea kwenye njia, naye akaja, bila kubisha, akaketi alipoketishwa. Soli akaketi kando yake, mkanda mkononi, akaendelea kumsimulia habari za yule mteja, kwa kuwa hakujua jambo jingine la kufanya. Hadithi ilipokwisha, aliianza upya.

"Tumefika?" Breki akauliza.

"Bado."

Akatazama alipo, akatazama mkono wa shemeji yake kwenye mkanda. Akaelewa. Akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

"Ni ya kwanza tangu siku ile?" Soli akauliza.

"Kulikuwa na moja bafuni. Ndogo."

"Dada anajua?"

"Hapana."

"Daktari?"

"Shemeji, zimebaki wiki chache. Wiki chache tu, narudi kwenye gari. Hili tuliache hapahapa."

Soli alifungua chupa ya chai, akammiminia kwenye kifuniko, akamshikia mpaka akaimaliza. Kisha akanyoosha kidole. "Ulikuwa unaelekea kule," akasema.

Breki akatazama. Kulikuwa na majani, baada yake mawe, baada ya mawe hakukuwa na kitu, na chini kabisa lilionekana ziwa.

"Mimi sitamwambia mtu," Soli akasema. "Haya ni yako, utasema mwenyewe. Lakini ukirudi kwenye lile gari na mtoto wa watu kwenye usukani, mimi na wewe mlima basi. Kwako nitakuja kumsalimia dada yangu, wewe hutaniona."

Walishuka polepole mno, Soli nyuma, ameshika mkanda wa begi njia nzima. Walipotoka kwenye miti ya chini waliliona basi lao likikata kona ya ziwa, likasimama kituoni, likaondoka bila mtu. Wakaketi kwenye kibanda cha kituo kusubiri la mwisho. Jua lilihama kutoka kwenye benchi, baridi ikaingia. Breki alisoma ratiba iliyobandikwa ukutani ingawa aliijua yote. Basi la mwisho lilipofika dereva aliwasha taa za ndani akasema, "Leo mwalimu amechelewa!" Breki akaitikia kwa kichwa, akapita kiti chake cha mbele, akaenda kukaa nyuma kabisa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili na saluni ilikuwa imefungwa. Mkewe alikuwa ameinamia beseni akiosha vitana na rola. Breki akachukua taulo, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaanza kuvikausha kimoja kimoja. Alipofika kwenye rola ya pili alisema yote, ya mlimani kwanza, ya bafuni baadaye, kwa ile sauti yake.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya povu.

"Ya bafuni lini?"

Akamwambia. Mkewe akakumbuka asubuhi ile: alibisha mlango, akajibiwa "natoka," akaondoka.

"Na jana mdogo wangu alikuwepo?"

"Ndiye aliyenishika."

"Kwa hiyo yeye amejua jana, mimi ninajua leo."

"Alinitaka niseme mwenyewe."

"Sikukuuliza alitaka nini. Nimekuuliza nani amejua kwanza."

Kwa Breki mkewe alikuwa na hofu tu. Hasira yote ilimwendea mdogo wake. Walizungumza kwenye simu siku hiyohiyo, na Breki aliyekuwa jikoni alisikia upande mmoja. Nilikupa umtembeze, sikukupa ukamzike. Usiku mzima unalala na jambo kama hilo, una moyo gani? Mimi ndiye ninayelala naye, siyo wewe. Mwishoni hapakuwa na kwaheri. Kwa wiki nyingi baada ya hapo ndugu hao wawili hawakusemezana, na viatu vya msusi vilivyotaka kushonwa vilikaa nyuma ya mlango.

Daktari aliongeza dawa akasema mwaka unaanza upya. Breki aliuliza maswali mawili matatu, akashukuru, akatoka. Kutoka kliniki alikwenda shuleni kwa miguu na kumwambia mkurugenzi asimngoje tena, amtafute mwalimu mwingine wa gari lile. Mkurugenzi alikuwa ameshamtafuta, lakini hakulisema hilo. Alisema tu kwamba darasa ni lake mpaka atakapochoka mwenyewe.

Gari la nyumbani walimpa mkwe wao. Alikuja na binti yao kulichukua, na Breki akamweleza kwa kirefu kwamba gia ya tatu haitaki haraka. Likaondoka. Uani palibaki umbo la pembe nne ambalo mvua haikuwa imeligusa kwa muda mrefu, na mkewe, kabla wiki haijaisha, akaning'iniza hapo kamba ya pili ya taulo.

Vidonge vipya vilimpa usingizi. Alifundisha ameketi. Siku moja, kwa sababu darasa lilikuwa limemkazia macho na kope zake zilikuwa nzito, aliliacha somo la njia panda akawasimulia juu ya mama mhasibu kwenye mzunguko. Alizieleza hatua zake zote kwa mpangilio: kioo, indiketa, kutoka, kuegesha, breki ya mkono, taa za tahadhari. "Alifanya kila kitu sawasawa," akasema, "na mimi niliyemfundisha sikuona hata kimoja." Kisha kijana mmoja akauliza kama swali hilo litatoka kwenye mtihani.

Kaskazini hakwenda. Kwenda peke yake mkewe alimkataza, na Soli hakualikwa tena nyumbani. Basi mchana alirudi, akapita katikati ya wateja, akawasalimu, akasikiliza draya. Mkewe alivumilia alivyoweza. Asubuhi moja aliahirisha wateja wake wote, akavitoa viatu vyake nyuma ya mlango, akamwambia mumewe avae. Wakaenda mpaka kwenye kibanda chini ya ngazi. Breki alibaki nje kwa kuwa nafasi ilikuwa ya mtu mmoja.

Msusi aliweka viatu juu ya meza. Soli alivigeuza, akavitazama chini.

"Hivi haviendi mlimani."

"Sikuja kuomba ushauri. Nimekuja kuwekewa soli."

"Visigino hivi, dada, getini tu vitazama matopeni kama nanga."

"Basi nipe hizo za watu uliowanyang'anya, kama ulivyompa mume wangu."

Soli aliinama chini ya meza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka alikuwa na buti mkononi na macho yamelowa, akasema ni gundi. Dada yake akasema naam, gundi yake ni kali, hata yeye inamchoma.

Walikwenda wote watatu. Kwenye treni msusi alilala kwenye bega la mdogo wake. Getini alitazama mlima, akatembea nao hadi njia ilipoanza kuwa ngazi za mawe, akasimama.

"Hapa panatosha," akasema. "Nimeona. Ni mlima."

Wakakubaliana ashuke, asubiri basi la mchana, auzunguke mlima kwa barabara, wakutane kituo cha upande wa pili. Kabla hajawaacha alimvuta mdogo wake pembeni. Begi la Breki lilikuwa chini, naye aliona mkewe akiukagua mkanda wake, akiuvuta kwa nguvu mara kadhaa kama anayepima kamba ya ndoo ya kisimani, kisha akashuka bila kugeuka.

Safari hiyo ilikwenda salama. Pale kwenye majani Soli alikaza mkono, Breki akaongeza kidogo umakini wa hatua zake. Walifika ziwani mapema. Basi likaja. Msusi hakuwemo.

"Mama mwenye kilemba cha bluu?" dereva akasema. "Nilisimama nikapiga honi. Alitoka ofisini akanipungia mkono niende."

Walipanda, wakalizunguka ziwa na mlima kwa upande uliobaki, mpaka getini. Breki alishuka kabla mlango haujafunguka vizuri. Ndani ya ofisi ya askari wa hifadhi, mbele ya kihita, askari wa kike alikuwa ameketi sakafuni juu ya mto, kofia ya kazi magotini, nusu ya kichwa imesukwa mistari myembamba iliyonyooka, nusu nyingine imesimama wima. Msusi alikuwa nyuma yake kwenye kiti, kitana mdomoni. Askari mwenzake, naye mwanamke, aliyetakiwa kuwa kwenye zamu nje, alikuwa ameketi kando akisubiri.

Mkewe akatoa kitana mdomoni. "Alikuwa amezificha nywele hizi ndani ya kofia," akasema, kama anayeeleza ajali. "Mngeziona, nanyi msingeondoka."

"Treni yetu," Breki akasema.

"Nimwache hivi? Nusu?"

Askari alimtazama Breki kwa macho ya kuomba. Breki aliangalia nusu iliyobaki, akapiga hesabu ya ratiba kichwani, akamwambia kuna basi la mwisho linalokutana na treni ya mwisho, na kwamba muda upo ikiwa huyu wa pili atavumilia mpaka mwezi ujao. Wa pili akasema atavumilia. Breki na Soli wakatoka nje, wakavua buti, wakanyoosha miguu kwenye benchi. Kutoka ndani zilisikika sauti za wanawake watatu, na hakuna aliyekata mazungumzo katikati ya neno.

Hivyo ndivyo ilivyoendelea. Kila mwezi walishuka getini watatu, wawili wakavuka mlima, mmoja akabaki ofisini kwenye kihita na vichwa vyake. Mwaka wa pili ulipita bila Breki kuzimika. Daktari alimwambia sasa akitaka anaweza kuiomba leseni yake. Breki alishukuru. Akauliza kama kliniki ijayo inaweza kusogezwa mbele kidogo, maana ilikuwa imeangukia siku ya kwenda kaskazini.